Jirani Aliyeleta Maziwa

Ifakara ni mji wa baiskeli. Bonde letu limelala tambarare kama mkeka, basi kila kitu kinasafiri kwa baiskeli: magunia ya mpunga, kuni, samaki kutoka mtoni, hata mgonjwa anayeshikiliwa mgongoni asidondoke. Kwa hiyo Pasaka iliyopita, mpwa wangu aliponiambia kuna watu duniani wanaoadhimisha Siku ya Baiskeli kila tarehe 19 Aprili, nilifikiri wametuiga sisi.

"Wala, mjomba. Ni ya mzee mmoja Mswisi. Alikunywa dawa aliyoitengeneza mwenyewe maabara, akapanda baiskeli kurudi kwake, njiani dunia ikambadilikia."

Tulikuwa barazani kwa mama yangu, ambaye kwake yeye ni bibi. Mama alikuwa anapeta mchele na kutusikiliza kwa sikio moja. Mpwa wangu anasoma chuo Dar es Salaam, na simu yake imejaa video za watu wanaoeleza kwa sauti ya upole namna akili inavyoweza kufunguliwa. Kwake yeye mzee yule ni shujaa: aliipa dunia ufunguo, serikali zikauficha. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamwambia kwamba jina la Albert Hofmann nalijua, ila mimi nililifikia kwa mlango mwingine, mlango wa leba.

Tangu siku ile jambo hili halijanitoka, ndiyo maana naliandika. Tunaweza kumshukuru mtu kwa kitu kimoja alichotengeneza na kumlaumu kwa kingine, wakati vyote viwili vimetoka meza moja na mkono mmoja? Na shukrani yenyewe, ikiwapo, ni ya nani?

Hofmann alizaliwa mwaka 1906 mjini Baden, Uswisi, akasoma kemia Zürich, na mwaka 1929 akaajiriwa na kampuni ya dawa ya Sandoz mjini Basel. Kazi iliyomfanya ajulikane ilihusu kuvu. Kuna nafaka ya Ulaya iitwayo rai, jamaa ya ngano, na msimu ukiwa na unyevu mwingi suke lake huota vijipembe vyeusi vyenye sumu. Zamani vijiji vizima vilivyokula mkate wa rai ya namna hiyo viliugua. Wengine vidole vilioza vikakatika, wengine walipagawa. Lakini wakunga wa Ulaya walikwishajua, karne nyingi kabla ya Sandoz, kwamba kuvu hiyohiyo kwa kiasi kidogo hukaza kizazi cha mama anayejifungua. Wajerumani wanaiita Mutterkorn, yaani punje ya mama. Shida ilikuwa kipimo. Punje moja ina nguvu, ya pili haina, mkunga hana namna ya kujua, na akizidisha mtoto anafia tumboni.

Kazi ya wanakemia ilikuwa kuitoa ile nguvu ndani ya kuvu, kuisafisha na kuiweka kwenye mizani. Mwaka 1935 maabara kadhaa, ya Sandoz ikiwemo, zilifikia karibu kwa wakati mmoja dawa tunayoiita egometrini. Hofmann ndiye aliyekuja kuiunda kutoka kwenye asidi ya lisejiki, ambayo ndiyo kiini cha dawa zote za kuvu ile, halafu akaibadilisha kidogo tu na kupata Methergine, nayo ni ya kusimamisha damu ya uzazi. Akiwa katika kazi hiyohiyo ya kuunganisha asidi ile na hiki na kile, Novemba 1938, akatengeneza kitu cha 25 katika mfululizo wake. Alitarajia kiwe dawa ya kuamsha pumzi na mzunguko wa damu. Wanyama wa majaribio walihangaika kidogo, wakubwa wakaona hamna kitu pale, kikawekwa kando.

Miaka mitano baadaye akakirudia. Tarehe 16 Aprili 1943 kilimgusa kwa bahati mbaya, akajisikia si yeye. Tarehe 19 akakinywa kwa makusudi: maikrogramu 250, yaani robo ya miligramu, akiamini ni kiasi kidogo mno. Kidonge kimoja cha panado kina miligramu 500, mara elfu mbili ya hapo. Haikupita saa nzima akashindwa hata kuandika. Akamwomba msaidizi wake, binti aitwaye Susi Ramstein, amsindikize nyumbani. Ulaya ilikuwa vitani, magari yalikuwa shida, wakapanda baiskeli.

Hicho ndicho kipande anachokijua mpwa wangu. Sasa changu.

Mwaka 1986, nikiwa na miaka saba, mama alijifungua mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye aliyemzaa mpwa huyu. Mimi nilikaa nje chini ya mwembe na shangazi. Mtoto alizaliwa salama, nikamsikia analia. Halafu nikaona watu wanatembea haraka bila kusema neno, na ukimya wa wakubwa mtoto huuelewa upesi. Shangazi alivua kanga yake ya juu akaipeleka ndani. Ikafuata ya mama mwingine tusiyemjua. Miaka mingi baadaye shangazi ndiye aliyenieleza: kondo lilikuwa limetoka, lakini kizazi kimelegea, na damu haikatiki. Nesi alifungua jokofu, akatoa kichupa, akachoma sindano pajani, akaanza kulikanda tumbo kwa mkono huku anahesabu kwa sauti. Alihesabu muda mrefu, anasema shangazi. Alipofika mia alianza upya.

Kichupa kile kilikuwa cha egometrini. Sindano ya kawaida ya dawa hiyo ni miligramu 0.2. Hebu linganisha. Dozi iliyomrudisha mama yangu na dozi iliyomwondoa Hofmann zinakaribiana sana, zote za kiasi ambacho ukikiweka kwenye ncha ya kisu hukioni. Kazi zake ni mbali kabisa, lakini ni dawa ndugu, zote zimetoka kwenye asidi ileile ya lisejiki. Nilipolisoma hili mara ya kwanza, kwenye kitabu cha famasia alichokisahau rafiki yangu nyumbani, nilikifunga kile kitabu nikakaa tu.

Kuna jibu la haraka ambalo watu hunipa nikiwasimulia haya: kemia ni kama kisu, kinakata nyama na kinaweza kukata mtu, aliyekifua hana hatia. Sipendi jibu hili. Linamaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Kiswahili chenyewe kina akili zaidi ya hapo. Tunasema dawa ya kikohozi, dawa ya mbu, dawa ya mapenzi, dawa za kulevya. Ya kwanza inaponya, ya pili inaua, ya tatu inatia wasiwasi, ya nne inafunga watu jela. Neno dawa peke yake halisemi chochote mpaka usikie linalolifuata. Naye Paracelsus, aliyekuwa tabibu wa mji huohuo wa Basel mwaka 1527, alifundisha kwamba kila kitu ni sumu na kinachotofautisha ni kipimo tu. Sawa. Lakini kipimo hakijipimi. Kwa mama kulikuwa na mtu aliyepima, akabaki palepale anahesabu.

Niliposema hivyo barazani, mpwa wangu alinikatiza. "Lakini mjomba, hujamaliza hadithi. Alipofika kwake aliomba maziwa."

"Maziwa?" Mama akainua kichwa. "Kama mtu aliyekula sumu."

"Ndiyo bibi. Walidhani yanaondoa sumu."

"Na sisi ndivyo tunavyofanya."

Mpwa wangu akaendelea. Jirani wa kike alileta maziwa, na usiku ule Hofmann alikunywa zaidi ya lita mbili. Ila yeye mwenyewe ameandika kwamba hakumwona jirani. Alimwona mchawi mwenye hila, amevaa kinyago cha rangi.

Mama aliuweka ungo chini. "Huyohuyo aliyemletea maziwa?"

"Huyohuyo. Lakini bibi, ni dawa tu ile..."

"Na yule mama alijua?"

Hatukuwa na jibu. Nimesoma habari za siku ile mara nyingi na sijaona mwandishi anayeuliza swali hilo. Huenda ni kwa sababu Basel ya mwaka 1943 neno mchawi lilikuwa la vitabu vya watoto. Kwetu si mzaha. Bondeni hapa na kule Ulanga, anayetajwa uchawi hupelekwa kwa mganga kunyolewa nywele na kunyweshwa dawa, na anarudi na kichwa kipara kuishi na walewale waliomtaja. Sehemu nyingine za nchi yetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho mekundu ni ya moshi wa jikoni. Mama anawajua walionyolewa. Mmoja alikuwa jirani yake, na alikuwa akituletea mboga.

Kwa hiyo wale wanaosema dawa ya Hofmann hufungua macho na kuondoa pazia, nawaomba waanze na ushahidi wa siku ya kwanza, kutoka kinywani mwa mwenyewe. Katika habari nzima ya jioni ile tendo la wema kuliko yote ni la mwanamke aliyetoka kwake na maziwa kwenda kwa mgonjwa. Dawa ikalichukua tendo hilo na kulivika sura ya mchawi. Sisemi ndiyo habari yote. Asubuhi yake Hofmann aliamka mzima, akatoka bustanini baada ya mvua, jua likawaka, na akaandika kwamba dunia ilikuwa kama imeumbwa upya. Namwamini. Ninachosema ni kwamba dawa ile haichagui. Inakuza. Leo itakukuzia bustani, kesho itakukuzia hofu uliyokuwa nayo juu ya jirani, na vyote viwili utaviona kweli tupu.

Kilichomwokoa jirani, na kumwokoa Hofmann, ni kwamba hakuwa peke yake. Ramstein alikuwepo. Daktari aliitwa, akampima, hakukuta kitu zaidi ya mboni zilizopanuka. Mkewe alirudi usiku ule kutoka Lucerne. Kwenye sherehe za Siku ya Baiskeli wanachora mzee, baiskeli na rangi nyingi. Ramstein, aliyepanda baiskeli ya pili akiwa na akili zake timamu, hawamchori.

Hofmann alipozeeka aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1979, akaiita LSD mtoto wake msumbufu. Jina hilo limependwa sana. Mimi limenikwama kooni, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, malezi. Sandoz iliiingiza dawa sokoni mwaka 1947 kwa jina la Delysid, ikiwapa watafiti, na maelezo yaliyoambatana nayo yalipendekeza hata madaktari wa akili wainywe wao ili waonje wanachokiona wagonjwa wao. Mwaka 1953 shirika la ujasusi la Marekani lilianza kuwanywesha watu bila wao kujua. Mwanasayansi Frank Olson alinyweshwa hivyo, na siku chache baadaye akafa kwa kuanguka kutoka dirisha la hoteli New York. Mwaka 1965 Sandoz ikaacha kuisambaza, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 ukaifungia. Katika yote hayo Hofmann ndiye aliyeumia wazi, aliyelalamika kwamba vijana wanaichezea. Simlaumu kwa kuitengeneza, hakuna aliyejua. Lakini mtoto aliyetolewa nje angali mchanga, akapewa kila aliyeandika barua ya maombi, kumwita msumbufu ni kumtwisha yeye mzigo wa mlezi.

Pili, na hili ndilo zito kwangu: mtoto ni wa nani? Mwaka 1955 mfanyabiashara wa Marekani, Gordon Wasson, alifika Huautla, kijiji cha milimani Mexico, kwa mganga wa Kimazateki aitwaye María Sabina. Akakaa naye usiku mmoja katika ibada ya uyoga. Mwaka 1957 akaandika habari hiyo kwenye jarida la Life, jina la mganga akalibadilisha. Uyoga ulitumwa Basel, na mwaka 1958 Hofmann akatoa ndani yake silosaibini, ileile ambayo leo inajaribiwa kutibu sonona na ambayo mpwa wangu anaisifu. Mwaka 1962 Hofmann alisafiri hadi Huautla akampa María Sabina vidonge. Mganga alivijaribu usiku, akasema vina nguvu ileile ya uyoga, akashukuru kwamba sasa ataweza kuwatibu watu hata msimu ambao uyoga hauoti.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Anarudishiwa kilichokuwa chake, kimefungwa vizuri, na anayeshukuru ni yeye. Wageni walimiminika Huautla miaka iliyofuata. Wanakijiji wakamgeukia, nyumba yake ikachomwa moto. Alifariki mwaka 1985 akiwa maskini. Hofmann alifariki mwaka 2008, ana miaka 102, katika nyumba yake nzuri ya mlimani karibu na Basel.

Utasema, Mexico ni mbali, mwandishi, rudi Kilombero. Lakini sijaondoka. Mwaka uleule wa baiskeli, 1943, katika mji uleule wa Basel, ilianzishwa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, na mkurugenzi wake wa kwanza, Rudolf Geigy, ndiye aliyekuja Ifakara kuanzia mwaka 1949. Akachunguza papasi na homa yao kwenye nyumba zetu za udongo. Maabara ikajengwa hapa miaka ya hamsini, ndiyo mbegu ya Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya sitini makampuni ya dawa ya Basel, Sandoz likiwa mojawapo, yaliunda mfuko uliofungua chuo hapahapa cha kufundisha watumishi wa afya. Sandoz na Ciba-Geigy ziliungana mwaka 1996 zikawa Novartis, nayo ndiyo ilikuwa na dawa mseto ya malaria ambayo nchi yetu iliichagua mwaka 2006. Ukipenda kuchora mstari kutoka meza ya Hofmann hadi zahanati ya kijijini kwetu, kalamu haitanyanyuka mara nyingi.

Na kwetu pia kuna kilichochukuliwa. Mwaka 1951 Geigy na mwenzake Höltker walichapisha makala ya Kijerumani juu ya unyago wa wasichana wa wilaya ya Ulanga. Mafunzo ambayo mvulana wa kijijini hakuruhusiwa hata kuyasikiliza kwa mbali yakapata msomaji katika maktaba za Ulaya, kwa lugha ambayo makungwi wenyewe hawakuijua. Sisemi Geigy alikuwa mtu mbaya. Wako watu wengi hapa waliopona kwa sababu alikuja, na nisingeandika haya kama dunia ingekuwa rahisi hivyo. Nasema tu kwamba niliposoma habari za María Sabina sikuhitaji kufikiri sana kumwelewa.

Mpwa wangu alinisikiliza, sifa yake moja ni hiyo. Kisha akaniuliza swali la haki: je, ingekuwa bora Hofmann asingekuwepo? Basi nikamsimulia habari za Mahenge, kule juu ya milima ng'ambo ya bonde. Kifafa ni kingi sana kule, na wenye kifafa walikuwa wakitengwa, wanaogopwa, wengine wanaungua motoni kwa sababu hakuna anayethubutu kuwagusa wakianguka. Karibu na mwaka 1960 daktari mwanamke mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki yao. Dawa yake ilikuwa fenobabito, iliyokuwa sokoni tangu 1912, ya bei rahisi. Dawa hiyo ina masharti: inanywewa kila siku, na ukiikatiza ghafla degedege zinarudi kwa ukali na zinaweza kuua. Kwa hiyo kazi haikuwa kemia. Kazi ilikuwa kurudi, mwezi baada ya mwezi, na kumshika mgonjwa mkono mbele ya watu waliodhani mate yake yanaambukiza. Aliyeiunda fenobabito hakuna anayemtaja Mahenge. Lakini bila yeye daktari angeshika mkono tu.

Hapo ndipo nilipofikia na sijasogea sana. Kwa Hofmann nina deni, na siwezi kulikata katikati nibaki na upande ninaoupenda. Mkono uliotengeneza Methergine usingeifikia bila kupita kwenye njia iliyozaa LSD. Deni langu kwake hata hivyo ni la tatu au la nne kwenye foleni. Mbele yake wako wakunga wa Ulaya wasio na majina, na mbele ya wote yuko mtu aliyekuwa anahesabu.

"Bibi," mpwa wangu akasema, "wewe ungemshukuru nani?"

Mama alishaurudia ungo wake. Akasema alikwishakwenda kushukuru, zamani. Mtoto alipotimiza siku arobaini alichukua debe la mchele na kuku, akafungiwa kwenye baiskeli ya baba, akarudi kumtafuta yule nesi. Akaambiwa amehamishiwa ng'ambo ya mto. Miaka ile daraja halikuwepo, ni kivuko, na mto ulikuwa umejaa. Kuku akaliwa nyumbani.

"Aliitwa nani?"

Mama alilitaja jina lote, la kwake na la baba yake, bila kufikiri. Miaka karibu arobaini. Mpwa wangu akachukua simu na kuniuliza, hilo jina la pili, linaandikwaje.